KUSUDI LAKO LIKO MLANGONI KWA JIRANI



Swali ninaloulizwa sana na vijana wetu baada ya ibada ni hili: "Pasta, nitajuaje kusudi la Mungu maishani mwangu?" Wengine mmefunga na kukesha mkingoja ndoto au unabii. Leo nataka twende pamoja katika mji mmoja wa Afrika, zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Naamini utapata jibu huko.

Mji huo ni Carthage, karibu na Tunis ya leo, nchini Tunisia. Askofu wake aliitwa Cyprian. Alikuwa mtu wa mali na elimu, akaokoka akiwa mtu mzima, na sehemu kubwa ya mali yake akawagawia maskini. Miaka michache tu baadaye akawekwa kuwa askofu.

Kisha jaribu likaja. Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu ya Roma na wapewe cheti cha kuthibitisha. Mwaka 250 Wakristo wengi wa Carthage walishikwa na hofu wakatoa dhabihu. Wengine walinunua cheti kwa pesa. Waliokataa, wengine walifungwa, wengine wakafa. Cyprian mwenyewe alijificha, akawa analiongoza kanisa kwa barua, na wapo waliomlaumu kwamba mchungaji amewakimbia kondoo. Aliporudi mwaka 251 alikuta kanisa linagombana: je, walioanguka warudishwe? Kwa masharti gani?

Kabla jeraha hilo halijapona, karibu mwaka 252, ugonjwa mkali ukaingia mjini. Watu walihara, walitapika, waliungua kwa homa. Wengine walipoteza uwezo wa kutembea, kusikia au kuona. Pontius, shemasi wa Cyprian, aliandika kwamba watu walikimbia ovyo na kuwatupa nje wagonjwa wao wenyewe. Maiti zilijaa barabarani. Na juu ya hayo yote, wapo waliosema kwamba Wakristo ndio wameleta balaa kwa kukataa kuiabudu miungu.

Sasa jiweke mahali pao. Jirani aliyekushtaki juzi kwa ajili ya imani yako, leo analala barabarani na homa. Ungefanya nini? Sema ukweli.

Cyprian aliwakusanya watu wa kanisa akawafundisha. Aliwaambia kwamba kuwapenda watu wetu peke yao si jambo la ajabu. Hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Mtoto wa Mungu hufanana na Baba yake, ambaye mvua yake haichagui shamba (soma Mathayo 5:43-48). Kisha wakagawana kazi, kila mtu kwa kadiri ya hali yake. Wenye mali walitoa mali. Wasio na kitu walitoa nguvu za mikono yao, na Pontius anasema huduma hiyo ilikuwa na thamani kuliko pesa. Wema wao haukuishia kwa watu wa kanisa, uliwafikia wote.

Mpendwa, umeona? Kanisa lililokuwa limejaa aibu na lawama lilipewa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nje ya mlango. Usiseme, "Pasta, mimi niliwahi kuanguka." Usiseme, "Mimi sina pesa." Mikono unayo. Waefeso 2:10 inasema matendo mema yamekwisha kutengenezwa na Mungu. Sisi tunaambiwa tutembee ndani yake. Huwezi kutembea umekaa kitako.

Kwetu ni rahisi kuchangia harambee ya mtu wa kanisa letu. Lakini yule jirani aliyetushtaki kwa chifu kwa sababu ya kelele za kesha, mama yake akilazwa, nani atampelekea uji? Mvua zikikaribia, nani atashika jembe kuzibua mtaro wa mtaa mzima, na si mbele ya kanisa tu? Wewe uliyemaliza shule na bado hujapata kazi, watoto wa ploti yenu wanahitaji mtu wa kuwasaidia hesabu jioni. Huenda wito wako umekuwa ukipita mbele ya mlango wako kila siku ukiwa na begi la shule mgongoni.

Na Cyprian je? Hakuishia hapo. Karibu mwaka 253, watu wa Numidia walipotekwa nyara, kanisa lake lilichanga sesterce 100,000 kuwakomboa. Tarehe 14 Septemba 258, mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kujificha alisimama mbele ya mkuu wa jimbo akakataa kutoa dhabihu, akahukumiwa kukatwa kichwa. Kabla ya upanga kushuka, aliagiza yule mtu wa kumuua apewe vipande 25 vya dhahabu. Somo alilofundisha wakati wa ugonjwa, alilimalizia hapo.

Wiki hii chagua mtu mmoja asiyekupenda, na umtendee jambo moja jema. Usipige picha. Usitangaze.

Tuombe: Baba, nisamehe kwa kungoja ishara huku jirani yangu akiningoja mimi. Nipe macho ya kuona na mikono ya kutenda. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe. Tuonane Jumapili.