Ndege-Ngamia: Asili ya Jina la Mbuni kwa Wachina na Wajapani

Tarikhi za dola ya Han zahadithia kwamba, kuelekea mwisho wa karne ya 2 kabla ya Masihi, mfalme wa Waparthi, waliotawala Uajemi zama hizo, alimpelekea Mfalme Wu wa China hedaya ya mayai ya ndege ambaye waandishi, kwa kukosa jina, walimwita "ndege mkubwa" tu. Na alipoletwa mwenyewe hai, mwaka 101 baada ya Masihi, akanasibishwa na nchi ya Waparthi iliyompeleka.

Jina lililodumu lilikuja baadaye. Mwaka 650 wajumbe wa Tukhara, nchi iliyokuwa katika sehemu za Afghanistan ya leo, walimletea Mfalme Gaozong ndege ambaye makatibu wa dola ya Tang ya China walimwandika kwa makini: kimo chake futi 7 za Kichina, rangi yake nyeusi, nyayo zake kama za ngamia, hupiga mbawa akienda, na hata chuma humeza, nao ajnabi, wakaongeza, humwita ndege-ngamia. Kwangu mimi neno hilo la mwisho latosha kuwa ushahidi, maana Waajemi husema *shuturmurgh*, yaani ngamia na ndege, na Wachina walifasiri tu wakapata *tuoniao*. Katika kaburi la Gaozong huko Qianling, mbuni wawili waliochongwa katika mawe wangali wapo.

Herufi ya ngamia, kwa kuwa huyo ni mnyama wa kubeba, ina alama ya farasi ubavuni, na hivyo ndege huyu asiyepandwa akaandikwa pamoja na farasi. Wachina baadaye walimwondoa farasi wakaweka alama ya ndege. Wajapani, wasomao *dacho*, wamembakiza farasi huyo, ijapokuwa zama za Edo jina hilo walimvika hata kasowari aliyeletwa Nagasaki na merikebu za Waholanzi.

Ama sisi watu wa pwani tuna fungu letu. Jiwe lililosimamishwa Changle mwaka 1431 na Zheng He, amiri wa merikebu za dola ya Ming ya China, lataja kwamba katika safari ya mwaka 1417 Barawa, mji wa Waswahili wasemao Chimwini, ilitoa ngamia na "kuku-ngamia". Ma Huan, mkalimani Mwislamu wa merikebu hizo, alieleza habari zake alipoandika juu ya Dhofar ya Arabuni: shingo ndefu, vidole viwili tu kila mguu, mwendo wa ngamia, na kwa sababu hiyo, asema, ndipo akaitwa hivyo, na wenyeji huwakamata milimani wakaja kuwauza.