Mahari Yako Uiweke Wapi? Tunayojifunza kutoka Bonde la Kilombero



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaulizwa suali hili: mahari nikishapokea, niiweke wapi? Katika Sura An-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni mali yako, si ya baba wala ya mume. Lakini kupewa ni jambo moja, na kuikuta bado ina thamani baada ya miaka 30 ni jambo jingine.

Leo tutazame njia nne zinazotajwa sana: fedha taslimu, hatifungani, hisa, na ardhi au nyumba. Tutazipima kwa historia ya Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Wengi wetu jina hilo tunalijua kwa mchele na sukari, lakini bonde lile lina mengi ya kutufunza kuhusu mali.

Fedha taslimu

Tuseme bibi harusi wa Ifakara alipewa mahari ya shilingi 1,000 mwaka 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika, akazifunga kwenye kitambaa na kuzitia sandukuni. Dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 7, kwa hivyo alikuwa na karibu dola 140. Kufika 1990 dola ilikuwa karibu shilingi 200. Mwaka 2000, karibu 800. Mwaka 2020, zaidi ya 2,200. Shilingi zake 1,000 zisingefika hata nusu dola.

Hakuibiwa na mtu. Ni mfumuko wa bei tu uliomla polepole. Mwenzake aliyepewa bangili za dhahabu bado ana dhahabu ile ile. Taslimu ni nzuri kwa dharura: mgonjwa, safari, karo ya skuli. Kuzilimbikiza miaka mingi ni kuziacha ziyeyuke.

Hatifungani

Hapa unaikopesha serikali au kampuni, nayo inakulipa riba kwa muda maalumu. Kwa Tanzania, tangu 2021 zipo hata za miaka 25. Kwetu sisi kikwazo cha kwanza ni hiyo riba. Cha pili ni historia: malipo yaliyopangwa leo hayapandi bei zinapopanda. Katika miaka ya 1980 bei ziliongezeka kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na aliyeahidiwa malipo yasiyobadilika alikuwa anarudi nyuma.

Njia ya halali ni sukuk, ambapo unashiriki katika mali au mradi na kupata faida yake. Serikali yetu ya Zanzibar ilizindua sukuk yake mwaka 2025.

Hisa

Mwaka 1960 ilianzishwa Kampuni ya Sukari Kilombero, kaskazini mwa bonde, karibu na Kidatu. Waliotia mitaji walikuwa wakubwa, wakiwemo shirika la IFC la Benki ya Dunia na CDC ya Uingereza. Hata hivyo miaka ya mwanzo ilikuwa migumu, na kabla muongo haujaisha kampuni ikawa mikononi mwa serikali. Mwaka 1998 ikabinafsishwa tena: wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini wakachukua asilimia 75, serikali ikabaki na 25.

Mwaka huo huo Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara, na mwananchi wa kawaida akapata mahali pa kununua hisa. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa ya gesi za viwandani, ya pili ya bia. Kwa hivyo mwanamke wa Kiislamu asitazame faida pekee, aulize pia kampuni inauza nini. Na ajue kwamba mwenye hisa ni mshirika: hushiriki faida, hushiriki na hasara.

Ardhi na nyumba

Shamba la mpunga huzaa kila msimu, na bei ya mazao hupanda pamoja na bei nyingine. Lakini ardhi nayo ina misukosuko yake. Mto Kilombero hufurika. Miwa ya wakulima wa pembeni mwa kiwanda misimu mingine imebaki shambani kwa sababu kiwanda hakikuweza kuipokea yote. Mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kufikia 1976 operesheni ya vijiji ilikuwa imezihamisha familia nyingi za bara kutoka kwenye mashamba yao.

Msukosuko mkubwa zaidi kwa mwanamke ulikuwa jina. Alilima yeye, lakini shamba likajulikana kuwa la mume au la kaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na sasa hati ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Sheria hiyo ni ya bara. Huku kwetu tunazo zetu, lakini somo ni moja.

Tunachokishika

Kila njia imewahi kumwangusha mtu. Kwa hivyo, dada, usitie mahari yote pahala pamoja. Weka taslimu kidogo kwa dharura, nyingine iwe kwenye mali halali inayozaa, na kumbuka zaka. Na chochote utakachonunua, hakikisha kimeandikwa kwa jina lako, kwa mapenzi na kwa uwazi, mbele ya mashahidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mali yenye baraka na ndoa zenye utulivu. Amin.