Jembe Tuliwapa, Kitambulisho Je?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikisoma historia ya sheria za uhamiaji za Kenya, naona methali hii tumeitumia nusunusu. Jembe lilitolewa siku ile ile ya kwanza. Kilichochelewa ni karatasi ya kusema: sasa wewe ni wa hapa.

Anza na reli. Kuanzia 1896, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, maelfu wakabaki. Kuanzia miaka ya 1930, Wamakonde kutoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Kwale. Na mwenye nchi je? Mwanamume Mwafrika alitembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma, na mwajiri ndiye aliyetia sahihi akitaka kumwachilia. Yaani mkoloni hakujali sana wewe ni wa wapi. Alitaka kujua unamfanyia nani kazi.

Halafu ikaja Uhuru. Katiba ya 1963 ilisema hivi: ukizaliwa Kenya, na mzazi wako mmoja pia alizaliwa hapa, wewe ni raia moja kwa moja. Kama umezaliwa hapa lakini wazazi walitoka nje, una miaka miwili ya kuomba uraia. Kwa karatasi, ni haki kabisa. Lakini hebu mfikirie kibarua wa mkonge: nani angemfuata shambani kumwambia kuna fomu ya kujaza, na saa inahesabu?

Wahindi wengi walijua, ila wakasita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria mbili: moja ikamtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, nyingine ikambana kwenye biashara. Maelfu wakakimbilia London. Uingereza nayo, mwanzoni mwa 1968, ikapitisha sheria kwa siku tatu tu: pasipoti yetu haitoshi, lazima uwe na mzazi au babu wa huku. Mtu akabaki katikati, Nairobi hana kibali, London hana mlango.

Wamakonde hawakuwa hata na pasipoti ya kukataliwa. Walizaa, wakazika, wakachonga vinyago, bila kitambulisho. Na Kenya bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, sembuse kufungua akaunti ya benki. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia dirisha wasio na utaifa walioishi hapa tangu Uhuru: miaka mitano ya kuomba. Miaka hiyo ikayoyoma. Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona rais, na ndipo amri ikatoka wapewe vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43.

Mimi nilipofikisha miaka 18 nilijaza fomu, nikachovya vidole kwenye wino, nikaenda zangu. Rafiki yangu wa mtaa huo huo, mwenye jina la Kisomali, aliambiwa alete stakabadhi za babu yake kisha asubiri kupigwa msasa. Kwa Wasomali wa Kenya hiyo si ajabu. Mwaka 1989 serikali iliwahoji na kuwapa kadi ya ziada kuthibitisha ni Wakenya. Februari 2025 rais alitangaza kwamba msasa wa vitambulisho kwa watu wa Kaskazini Mashariki umefutwa.

Nilifurahi, lakini naona mtindo. Sheria ipo, ila mlango hufunguliwa na tamko la rais. Neno la mkubwa mmoja likitosha kukufanya raia, neno la mkubwa mwingine linaweza kukurudisha kwenye foleni. Na huyu tunayemwita mgeni, jembe ameshalishika kwa vizazi vitatu.