Kesi ya Nyani Tusimpelekee Ngedere

Kila bajeti inaposomwa husikia watu wakiuliza: fedha za utafiti ni za nini, wakati zahanati hazina dawa? Swali hilo lina uzito wake. Leo nitalijibu kwa historia ya petroli.

Mwaka 1921 wataalamu wa kampuni ya General Motors, Marekani, waligundua kwamba petroli ikichanganywa na kemikali yenye madini ya risasi, injini haigongi. Kwamba risasi ni sumu lilijulikana tangu kale. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, kilichotengeneza kemikali hiyo, walirukwa na akili wakafa.

Mei 1925 serikali iliitisha mkutano. Ikaundwa kamati, nayo kwa miezi michache ikapima watu 252, wakiwemo madereva na mafundi wa gereji. Taarifa yake ya mwaka 1926 ilisema haikuona sababu ya kuipiga marufuku petroli hiyo. Hata hivyo ilitahadharisha: muda ulikuwa mfupi, na madhara huenda yakajitokeza baada ya miaka mingi. Uchunguzi uendelee, na Bunge litoe fedha.

Fedha hazikutolewa. Kwa takriban miaka 40, utafiti mwingi wa jambo hilo ulifanywa na Dk. Robert Kehoe wa Cincinnati, akilipiwa na makampuni yale yale yaliyokuwa na biashara hiyo. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere. Hukumu ikawa ile ile: hakuna hatari.

Mambo yalibadilika fedha za umma zilipoingia. Mwaka 1979 Dk. Herbert Needleman, kwa msaada wa serikali, alitoa matokeo ya kupima meno ya utoto ya wanafunzi. Waliokuwa na risasi nyingi zaidi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili, na darasani hawakutulia. Nayo serikali ilipima damu za wananchi kati ya 1976 na 1980: risasi ilipopunguzwa katika petroli, ndani ya damu ilishuka kwa asilimia 37. Ubishi ukakosa pa kusimama.

Afrika tulikubaliana huko Dakar, Juni 2001, na nchi za kusini mwa Sahara zikaachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006. Hesabu mwenyewe: tangu ile taarifa ya 1926 ni miaka 80, na moshi wake watoto wetu waliuvuta vituoni na barabarani.

Leo betri chakavu zinayeyushwa karibu na makazi, na mboga zinapuliziwa dawa. Nani apime? Zahanati humtibu aliyekwisha kuugua; utafiti huuliza kwa nini anaugua. Gharama ya kuuliza tusipoilipa sisi, atailipa muuzaji, na jibu litakuwa lake.