Punje za Giligilani na Nyundo ya Jirani



 

Ndugu zetu wasomaji, mzazi mmoja wa hapa Buyenzi alitujia madrasa baada ya swala ya Alasiri akiwa amekunja uso. Nyumba aliyorithi kwa marehemu baba yake imepakana na karakana ya kuchomelea vyuma, iliyofunguliwa ukuta kwa ukuta na chumba wanacholala watoto. Kutwa nzima ni nyundo, na umeme unaporudi usiku kazi inaanza upya. Mama yake ni mgonjwa na hapati usingizi. Mwanawe, ambaye alikuwa anahifadhi Juzuu Amma vizuri sana, sasa anakuja madrasa kila siku na aya zile zile za jana. Mzazi huyo alituambia: "Ustadhi, nipe dua au nipe fatwa. Nikikosa yote mawili, nauza nyumba."

Fatwa hatukuwa nayo. Sisi ni walimu wa watoto, sio mamufti. Tena Buyenzi yetu ni mtaa wa mafundi, kila mtu mjini Bujumbura anaujua kwa gereji zake, na ada za madrasa zinatoka kwa wazazi walioshika nyundo na spana. Hatuwezi kuwa maadui wa nyundo. Lakini tulimuahidi mzazi yule kwamba tutarudi vitabuni kutazama waliotutangulia waliamuaje jambo hili, kwa sababu halikuanza Buyenzi. Tuliyoyakuta tunawaletea hapa, pamoja na yaliyotokea baadaye.

Jirani aliyetoa vyombo njiani

Katika mkusanyiko wa Abu Daud imo habari, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), ya mtu aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumshitaki jirani yake. Mara ya kwanza aliambiwa arudi akasubiri. Akaja tena, mara mbili au tatu. Hapo ndipo Mtume (s.a.w.) alipomwelekeza atoe vyombo vyake aviweke njiani. Watu wakipita wanamuuliza kulikoni, naye anawaeleza, nao wanamlaani yule jirani, mpaka mwenyewe akaja kumwomba arudi ndani na kumuahidi kuwa hataona tena la kumuudhi.

Tutazame mpangilio wake. Kwanza subira, lakini subira yenye mwisho. Pili, hakuambiwa apigane wala atukane. Tatu, shida iliyokuwa ndani ya kuta nne ilitolewa nje mbele ya majirani, na macho ya watu yakafanya kazi ambayo fimbo isingeifanya.

Habari nyingine kutoka kwa Abu Daud inatugusa zaidi sisi walimu. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu msikitini, akasikia watu wanasoma kwa sauti za juu. Alifunua pazia akawakumbusha kwamba kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane kwa kunyanyua sauti za kisomo. Kilichokuwa kinasomwa ni Qur'ani, na mahali ni msikiti, na bado sauti iliwekewa mpaka kwa ajili ya mtu wa pembeni. Wenye madrasa tuiweke akilini, kwani itaturudia mbele.

Fundi wa Tunis na punje zake

Juu ya msingi huu, na juu ya ile hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kulipiza madhara, ambayo Imamu Nawawi ameiweka ya 32 katika Arubaini yake, wanazuoni walijenga mlango mzima wa fiqhi ya majirani. Aliyetuvutia zaidi si mwanazuoni wa mimbari. Ni fundi mjenzi wa mji wa Tunis, aitwaye Ibn al-Rami, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 14. Makadhi wa mji walimtuma kwenda kukagua nyumba zenye ugomvi kisha kuwarudishia ripoti, na mwisho akaandika kitabu juu ya hukumu za majengo.

Katika siku zake mashine ya kuwasumbua watu ilikuwa kinu cha kusagia nafaka kinachozungushwa na mnyama. Jirani analalamika kwamba ukuta wake unatetemeka, mwenye kinu anakana. Utajuaje mkweli? Ibn al-Rami ameeleza njia yake. Chukua karatasi, ifunge nyuzi katika pembe zake nne, ining'inize kwenye nyumba ya mlalamikaji upande wa ukuta wa pamoja, weka juu yake punje kavu za giligilani, kisha mwambie mwenye kinu azungushe. Punje zikicheza, mwenye kinu anaamriwa aondoe madhara yake. Zikitulia, mlalamikaji anaambiwa amwache mwenzake afanye kazi.

Tupende haki iliyomo humo. Punje haina ukoo wala chama, haimjui tajiri wala maskini. Karne nyingi kabla ya vipimo vya umeme, kadhi alikuwa na ushahidi ambao pande zote mbili zinauona kwa macho.

Kuhusu sauti yenyewe, isiyotikisa ukuta, wanazuoni wa madhehebu ya Malik walikhitilafiana. Wako waliosema haizuiwi, kwa kuwa haiharibu jengo. Wako waliotofautisha: sauti ndogo au ya kupita inavumiliwa, sauti kubwa isiyokatika inazuiwa. Khitilafu hiyo inatufundisha kwamba si kila kinachotukera ni dhulma. Mtu anayeishi mjini anakubali kiasi fulani cha watu.

Miji ilivyojipanga

Njia nyingine ilikuwa kuzipanga kazi zenyewe. Katika mji mkongwe wa Tunis, kandokando ya msikiti wa Zaytuna liko soko la wauza manukato, kazi safi na ya kimya. Watengeneza ngozi na wapiga rangi, wenye harufu na maji machafu, waliwekwa mbali zaidi, kuelekea pembezoni.

Lakini tusiitie historia sukari. Kule Fes nchini Moroko, wafua shaba wako katika uwanja wa Seffarine, karibu kabisa na maktaba ya Qarawiyyin, na kando ya uwanja huo huo ndipo Wamarini walipojenga madrasa mwaka 1271. Madrasa hiyo imebeba jina la wafua shaba mpaka leo! Wanafunzi walisoma na nyundo zikalia, karne baada ya karne. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na njia zaidi ya moja: mahali pengine walitenganisha, na mahali pengine walijifunza kuishi pamoja.

Istanbul na London, swali moja

Katika karne ya 19 dola ya Uthmaniya iliandika sheria za fiqhi kwa vifungu. Kitabu hicho, Majalla, kilitoka kati ya mwaka 1869 na 1876 chini ya kamati iliyoongozwa na Ahmed Cevdet Pasha, kikiwa na vifungu 1851. Kifungu cha 1199 kinaeleza madhara makubwa kuwa ni yale yanayodhoofisha jengo au yanayomzuia mtu mahitaji yake ya asili, kama vile kukaa nyumbani kwake. Kifungu kinachofuata kinataja mifano, na mfano wa mwanzo ni huu huu wa kwetu: karakana ya mhunzi, au kinu, iliyopakana na nyumba, na mapigo yake yanalegeza ukuta. Lakini kifungu cha 1201 kinaongeza kwamba kukosa tu upepo au mandhari nzuri hakuhesabiwi katika madhara hayo makubwa.

Kifungu cha 7 ndicho kilichotushika. Maana yake ni kwamba madhara hayawi haki kwa sababu tu ni ya zamani. Usiseme, "Nimefanya hivi tangu enzi za babu yangu."

Miaka mitatu baada ya Majalla kukamilika, London ilikabiliana na swali hilo hilo. Katika mtaa wa Wigmore alikuwepo Bridgman, mtengenezaji wa vitu vitamu, ambaye jikoni kwake mlikuwa na vinu viwili vikubwa na michi yake kwa ajili ya kutwanga sukari na vitu vigumu. Mwaka 1865 daktari Sturges alihamia nyumba iliyopakana naye kwa nyuma. Hapakuwa na shida mpaka mwaka 1873, daktari alipojenga chumba cha kupimia wagonjwa kwenye ukuta wa jiko lile. Akiinama kusikiliza kifua cha mgonjwa, anasikia mchi! Bridgman alijitetea kwamba ametwanga kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1879 mahakama ya rufaa ilimpa daktari ushindi, ikisema kwamba miaka ambayo kelele haikumdhuru mtu haiwezi kuhesabiwa kuwa imezaa haki. Njia nyingine kabisa, na jibu linalokaribiana na kifungu cha 7.

Kesi hiyo ilirudi kuzungumzwa mwaka 1960, pale mwanauchumi Ronald Coase, ambaye baadaye mwaka 1991 alipata tuzo ya Nobeli, alipoonyesha upande wake wa pili. Ukimnyamazisha mwenye mchi umemkinga daktari, lakini mwenye mchi naye umemtia hasara. Basi swali si nani mbaya, bali ni mapatano gani yatapunguza hasara ya wote wawili. Na mara nyingi, kama majirani wanaweza kukaa na kuongea, wenyewe wanayajua kuliko hakimu.

Kwetu

Nchi jirani zetu zimeandika vipimo. Uganda ilitoa kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2003, na Kenya ikatoa zake mwaka 2009. Na sisi wenye misikiti tusijione tuko nje ya mlango: mwezi Machi 2018, katika wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali, misikiti iliamriwa iache kutumia vipaza sauti kwa adhana, sababu iliyotajwa ikiwa ni kelele.

Hapa Burundi tuna urithi wetu, wabashingantahe, wazee waaminifu ambao tangu zama za wafalme walikaa mlimani kupatanisha watu, na alama yao ni intahe, kijiti kinachogongwa chini kabla ya kuamua. Basi tulianzia huko. Tulimchukua mzazi, mkuu wa nyumba kumi na mzee mmoja anayeheshimiwa mtaani, tukaenda karakana baada ya Isha.

Yule fundi alizima mashine, akatukaribisha viti. Tulipomaliza maneno yetu alisema taratibu: "Ustadhi, mchana umeme unakatika. Nikiacha kufanya kazi usiku, wanangu wanakula nini? Na kwa kuwa mmekuja, na mimi nina langu. Kipaza sauti cha madrasa kinaelekea dirishani kwangu. Nikilala saa tisa usiku, alfajiri baada ya adhana mnaendelea na darsa kwa sauti ile ile. Sikuwahi kusema, nikiogopa nitaambiwa naichukia dini."

Ndugu zetu, tuliinamisha vichwa. Ile habari ya pazia la itikafu tulikuwa tumeisoma wiki hiyo hiyo, na hatukuwa tumejiona ndani yake.

Siku ya pili tulikwenda na wanafunzi wakubwa wanne, karatasi, uzi na giligilani za kununua sokoni. Tukaitundika kwenye chumba cha watoto. Fundi mwenyewe aliingia kutazama wakati kijana wake akigonga upande wa pili. Punje zilirukaruka mpaka mbili zikaanguka chini. Fundi alicheka, kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Sikujua kama inafika hivi." Hakuna aliyepaza sauti siku ile.

Fuawe lilihamishwa kutoka ukuta wa pamoja likapelekwa upande wa barabara, juu ya gogo lililowekwa kwenye tairi kuukuu. Tulipotundika karatasi tena, punje zilitulia. Kusaga vyuma kwa mashine kunakoma saa tatu usiku, na umeme ukirudi usiku wa manane anafanya kazi zisizo na mlio, kama kupima na kupaka rangi. Kuanzia Alasiri mpaka Magharibi, saa za watoto kuhifadhi, hapigi nyundo kubwa. Nasi kipaza sauti tumekibakiza kwa adhana peke yake, darsa ni kwa sauti ya mdomo, ndani ya kuta.

Hatusemi mtaa umekuwa kimya. Mchana nyundo inalia, na kuna usiku ambao kazi ya haraka inapitiliza saa tatu, nasi tunagonga mlango kwa upole. Lakini bibi mgonjwa analala, mtoto ameimaliza Suratun Naba-i na kuendelea mbele, na nyumba ya marehemu haijauzwa. Mtoto wa fundi naye ameandikishwa madrasa.

Kwa familia yenye shida kama hii, ushauri wetu ni huu. Subirini, lakini msinyamaze mpaka kifua kijae chuki. Nendeni wenyewe kwanza, kwa adabu, na saa ambayo mwenzenu hana mteja. Pimeni madhara mbele yake, msimhukumu kwa hasira. Ulizeni na nyinyi mnamuudhi kwa lipi. Ikishindikana, washirikisheni wazee na mkuu wa nyumba kumi, na mlango wa serikali uwe wa mwisho. Na nyinyi mafundi wetu, msingoje kushitakiwa: karatasi, uzi na giligilani chache ni rahisi kuliko ugomvi wa miaka.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani ambao watu wanafurahi kukaa kando yao. Wabillahi tawfiq.