Xala: Kutoka Riwaya hadi Filamu

Wanafunzi wetu wa fasihi wanapoombwa kulinganisha riwaya na filamu yake, wengi huhesabu tu kilichoachwa na kilichoongezwa. Xala ya Ousmane Sembène wa Senegali (1923–2007) inadai zaidi ya hesabu hiyo. Riwaya ilitoka mwaka 1973, kwa Kifaransa. Filamu, iliyoongozwa na mtunzi mwenyewe, ilifuata mwaka 1975, kwa Kifaransa na Kiwolofu. (Herufi x ya Kiwolofu hutamkwa kama kh ya neno kheri.)

Xala ni laana ya kumwondolea mwanamume nguvu za kiume. Inampata El Hadji Abdou Kader Beye, mfanyabiashara mkubwa wa Dakar, usiku wa harusi ya mke wa tatu. Anahangaika kwa waganga, hundi zake zinakosa fedha benki, na wenzake wanamtupa. Tashtiti hii inalilenga tabaka zima la mabwanyenye wapya waliorithi viti vya wakoloni bila kurithi mtaji. Uhanithi wa chumbani ni uhanithi wa uchumi.

Riwaya inaanza wafanyabiashara wakisherehekea kumpata mwenzao kuwa rais wa Chama cha Wafanyabiashara. Filamu inatangulia hatua moja nyuma: Waafrika wanaingia jengoni, wanawafukuza Wafaransa na kutoa sanamu zao nje. Punde Wafaransa wanarudi na mikoba, na kila mjumbe anapofungua wake anakuta noti tupu. Hakuna hotuba ya kuueleza ukoloni mamboleo, wala haihitajiki.

Hata hivyo, kwa sisi walimu wa lugha, tofauti kubwa iko kwenye mazungumzo. Katika riwaya wahusika wote wamevikwa Kifaransa. Msomaji hasikii nani anasema nini kwa lugha gani mpaka msimulizi amwambie. Kwenye filamu sikio linapambanua lenyewe. Rama, binti wa El Hadji na mwanafunzi wa chuo kikuu, anajibu kwa Kiwolofu kila baba anapomsemesha Kifaransa, na anayakataa maji ya chupa kutoka ng'ambo. Baba anakasirika. Lakini siku anayofukuzwa chamani kwa sababu ya hundi mbovu na tani 100 za mchele alizouza, ni baba huyo huyo anayeomba kujitetea kwa Kiwolofu, na wenzake wanamkatalia. Kwa maoni yangu hiki ndicho kilele cha filamu, kuliko hata mwisho wake maarufu, ombaomba wanapomtemea mate ili apone. Mtu aliyeidharau lugha yake anaikimbilia baada ya kupoteza kila kitu kingine.

Sembène hakuokota suala hili njiani. Alianza kutengeneza filamu mwanzoni mwa miaka ya 1960 baada ya kutambua kwamba wananchi wengi hawasomi vitabu vyake vya Kifaransa, akaenda kusomea kazi hiyo Moscow. Mandabi (1968) ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza kwa Kiwolofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na mwanaisimu Pathé Diagne kuchapisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu, nalo linaonekana likiuzwa mtaani ndani ya Xala.

Kitabu kilisomwa na wachache, na serikali haikukisumbua. Filamu ilipofika kwa wengi, wakaguzi waliikata sehemu kadhaa, na Sembène akagawa vipeperushi vya kuwaeleza watazamaji kilichoondolewa. Miaka miwili baadaye, filamu yake Ceddo (1977) ilizuiwa Senegali. Sababu rasmi? Tahajia. Rais Senghor, mshairi na mwalimu wa sarufi, alishikilia kuwa neno hilo liandikwe kwa d moja. Sembène alikataa kuifuta ya pili. Senghor aliondoka madarakani mwishoni mwa 1980, na d zote mbili zingali pale.