Fumbo la mwanga wa nyota lapatiwa jibu maabarani

MWAKA 1919, mwanafunzi wa elimu ya nyota, Mary Lea Heger, aliona jambo la ajabu katika kituo cha darubini cha Lick, California, Marekani. Mwanga wa nyota, ukitandazwa rangi zake kama upinde wa mvua, ulikuwa na michirizi ya giza ambayo haikutokana na nyota yenyewe. Kitu fulani kilichotanda kati ya nyota na dunia kilikuwa kikifyonza sehemu ya mwanga huo.

Michirizi ya aina hiyo inayojulikana leo inazidi 500. Hata hivyo, hadi kufikia mwaka 2015 hakuna hata mmoja ambao chanzo chake kilikuwa kimethibitishwa.

Kila molekuli hufyonza mwanga kwa namna yake, mithili ya alama za vidole. Mshukiwa wa angani, kwa hiyo, hana budi kulinganishwa na kipimo cha maabara, na hapo ndipo kazi ilipokwama.

Mshukiwa mkuu alikuwa C60, molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizoungana mfano wa mpira wa miguu. Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waliigundua mwaka 1985, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996. Mwaka 1994, Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund walitangaza kuona michirizi miwili karibu na mahali ilipotarajiwa ile ya C60 iliyopoteza elektroni moja. Lakini vipimo vya maabara vya wakati huo vilifanywa molekuli ikiwa ndani ya gesi ya neoni iliyogandishwa, nayo neoni huihamisha michirizi. Karibu si papo hapo. Wenye shaka walikuwa na haki.

Ilichukua miaka 20 hivi kwa kundi la John Maier wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kupata njia. Walizinasa molekuli hizo katika mtego wa umeme na kuzipoza hadi takriban nyuzijoto 267 chini ya sifuri, atomi za heli zikajibandika juu yake. Kisha wakazimulika kwa leza. Molekuli ikifyonza mwanga, heli hubanduka na uzito hupungua. Kilichobaki ni kuhesabu. Michirizi miwili mikuu iliangukia takriban nanomita 957.7 na 963.2, palepale ilipoonekana angani.

Mwaka 2019, vipimo vya darubini ya Hubble, iliyo juu ya mvuke wa maji wa angahewa unaovuruga eneo hilo la mwanga, vilithibitisha pia michirizi hafifu zaidi iliyotabiriwa na maabara. Mamia mengine bado hayajapatiwa mwenyewe.